Sisimizi kwenye trela la kulala: tega chambo kwanza, ziba matundu mwisho

Matrela ya kulala yanayoonekana huku Dodoma mengi ni ya kazi: wachimba visima, wapima ardhi, mafundi wa barabara. Leo trela liko Bahi, mwezi ujao liko Kongwa, kisha linarudi mjini kusubiri mkataba mwingine. Kila linapotua linakaa juu ya ardhi ya sisimizi, na sisimizi hawachelewi kugundua kwamba ndani kuna sukari, maji na kivuli.

Wengi wakiuona mstari juu ya meza ya jikoni hukimbilia kopo la dawa ya kupuliza. Mstari unakufa, meza inapanguswa, watu wanalala. Asubuhi mstari mwingine uko dirishani. Sisimizi wanaotembea mezani ni watafutaji tu, sehemu ndogo ya kundi zima. Malkia, mabuu na wafanyakazi wengine wako kiotani, na dawa uliyopuliza haikuwafikia. Isitoshe, dawa nyingi za kupuliza huwafukuza wadudu pale zilipogusa, kwa hiyo watafutaji wapya wanabadilisha njia tu. Kuna aina, hasa wale wadogo sana wa rangi ya manjano wanaoitwa kitaalamu Monomorium pharaonis, ambao kundi lao lina malkia wengi. Ukiwashtua kwa dawa wanagawanyika, na kiota kimoja kinakuwa viwili au vitatu ndani ya ukuta uleule. Fundi anayekuambia upulize kila siku mpaka waishe anakuuzia kazi isiyoisha.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: jua ni mdudu gani, jua kiota kiko nje au ndani ya trela, tega chambo, subiri, safisha njia, halafu ndiyo uzibe matundu. Ukianza na silikoni, ile gundi ya kuzibia, waliomo ndani ya ukuta unawafungia humo, nao watatokea kitandani.

Kwanza, mdudu mwenyewe. Sisimizi wadogo weusi au wa kahawia wanaofuatana kwa mstari mwembamba kwenye sukari ni wateja wa chambo cha sukari. Wale ambao katikati yao wanatembea wachache wenye vichwa vikubwa kupita mwili, jamii ya Pheidole, mara nyingi wanapenda mafuta na nyama zaidi: utawakuta kwenye kichwa cha dagaa kilichoanguka chini ya jiko. Wakubwa wanaotoka usiku mmoja mmoja, jamii ya Camponotus, wanapenda vitamu na hutengeneza kiota kwenye mbao zilizolowa, kwa hiyo ukiwaona kila usiku ndani ya trela tafuta sehemu inayovuja. Siafu ni habari nyingine kabisa. Hao wanapita na msafara wao, zaidi wakati wa mvua, na hakuna chambo cha kuwatega. Toa watu na mbwa nje, acha milango wazi, waache wamalize mende waliomo, wataondoka wenyewe.

Na usichanganye sisimizi na mchwa. Mchwa hana kiuno, mwili umenyooka kama punje ya mchele, rangi yake nyeupe hivi, na anatembea ndani ya mfereji wa udongo. Ukiona mfereji wa udongo unapanda kwenye gogo ulilowekea mguu wa trela, acha mambo ya sukari. Ondoa gogo, weka tofali au chuma, kisha kagua plaiwudi ya sakafu kwa kuigonga kwa mpini wa bisibisi. Ikilia kama debe tupu, imeshaliwa.

Kujua kiota kiko wapi kunahitaji subira kidogo. Mchana wa jua kali la Septemba sisimizi wengi wanajificha, kwa hiyo fuata mstari alfajiri au kuanzia saa moja jioni ukiwa na tochi. Wafuate wanaorudi wakiwa wameshiba. Wanaokuja watakupeleka kwenye chakula, wanaorudi watakupeleka nyumbani. Kama mstari unashuka kwenye mguu wa trela na kuingia ardhini, kiota kiko nje na kazi ni nyepesi. Kama unaishia nyuma ya friji, kwenye fremu ya dirisha au ndani ya kabati la taa, huenda wamehamia. Njia ya kuhakikisha ni kulisogeza trela. Livute mita mia moja, liweke juu ya lami au zege, futa njia zote kwa maji ya sabuni na usiache chakula wazi. Kesho yake wakitokea tena kwa wingi ndani, kiota kiko ndani. Sehemu za kukagua ni foamu ya ukutani karibu na madirisha, chini ya godoro, nafasi iliyo nyuma ya friji, bomba tupu la chesisi, na plagi ya pini saba ya taa za nyuma. Hiyo plagi hukaguliwa mara chache. Ikiachwa inaning'inia miezi bila kifuniko, sisimizi wanajaza udongo ndani, pini zinashika kutu, na taa za breki zinagoma siku ya safari. Dalili nyingine ya kiota ni vitu vyeupe vidogo kama chembe za wali vinavyobebwa mdomoni ukifunua kifuniko: hayo ni mabuu na pupa (mabuu wanaogeuka kuwa sisimizi kamili), na hawawekwi mbali na nyumbani.

Sasa chambo. Sisimizi mtafutaji hali peke yake. Anabeba chakula cha majimaji tumboni na kuwagawia wenzake mdomo kwa mdomo, hadi kwa mabuu na malkia. Sumu inayoua polepole inasafiri kwa njia hiyo. Sumu inayoua haraka inaishia kwa yule aliyeionja. Ndiyo maana asidi ya boriki inafaa, na ndiyo maana kuizidisha kunaharibu.

Kipimo cha chambo cha sukari: maji ya uvuguvugu nusu lita, sukari vijiko vinne vikubwa vilivyosawazishwa (kama gramu 50), na asidi ya boriki kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, yaani gramu 4 hadi 5. Hapo una sukari asilimia 10 na boriki karibu asilimia 1. Koroga mpaka maji yawe maangavu. Kwenye maji baridi boriki inachelewa kuyeyuka na kubaki chini, kisha chambo cha juu kinakuwa sukari tupu na cha chini kinakuwa kikali mno. Ukikosa asidi ya boriki na ukapata boraksi, ile inayotumiwa na masonara na wachimbaji wadogo kuyeyushia dhahabu, tumia kijiko kimoja na nusu, kwa sababu gramu kwa gramu ina boroni kidogo. Andika SUMU kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika na usitumie chupa ya maji ya kunywa. Kambi ina watu wengi, na mtu mwenye kiu hasomi.

Kabla ya kutengeneza kingi, fanya jaribio. Chukua kipande cha boksi, weka tone la maji ya sukari upande mmoja na siagi ya karanga kidogo upande wa pili, kiweke karibu na mstari, rudi baada ya saa moja. Upande wenye umati ndio chambo chako. Kama ni karanga, changanya nusu kijiko cha chai cha boriki na vijiko vikubwa sita vya siagi ya karanga isiyo na chumvi, ukande mpaka unga usionekane. Matakwa yao hubadilika: kundi lenye mabuu wengi linatafuta protini, baada ya wiki chache linarudi kwenye sukari. Chambo kikikataliwa ghafla, rudia jaribio kabla ya kuilaumu dawa.

Kinachoharibu chambo cha sukari Dodoma kuliko kitu kingine ni hewa kavu. Tone la syrapu kwenye kifuniko cha soda saa tatu asubuhi linakuwa gamba saa sita mchana, na sisimizi hawali gamba. Loweka pamba, isukume ndani ya kichupa kidogo cha dawa au kipande cha mrija cha sentimita tano, laza kifaa hicho ubavuni kivulini, kigusane na mstari. Kifuniko cha kichupa kitobolewe tundu la milimita 2 au 3. Tundu dogo linapunguza ukaukaji, na lina kazi ya pili: linazuia nyuki. Ukanda huu, kuanzia Dodoma kuelekea Manyoni na Singida, ni wa wafugaji wa nyuki, na wakati wa kiangazi nyuki wanatafuta maji na kitamu popote. Sahani wazi ya sukari yenye sumu ni kuwaua nyuki wa jirani. Kwa sababu hiyo pia usitumie asali kama chambo.

Ongeza maji ya chambo kila siku, jioni kwa upendeleo. Weka vichupa vinne hadi sita: viwili ndani kwenye njia wanayotumia, vingine nje chini ya trela, karibu na miguu. Mbwa na watoto wasifikie. Boriki si ya kuchezea, na kuku wa kambini wanadonoa kila kitu. Ukipata jeli ya sisimizi ya dukani yenye sumu ya fipronil, nayo ni nzuri ndani ya trela: matone madogo kama punje ya mchele kila baada ya sentimita 30 kwenye njia, si mstari mrefu kama dawa ya meno. Hakikisha lebo inataja sisimizi na ina namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya viuatilifu.

Siku ya kwanza idadi itaongezeka sana. Mstari utakuwa mnene, watu watalalamika, na mtu atataka kuchukua lile kopo la kupuliza. Lifiche. Usifute njia, usiwaue, usipulize chochote chenye harufu karibu na chambo, hata sabuni ya kuoshea vyombo. Kuanzia siku ya tatu hadi ya tano utaona mstari unakatika katika. Ndani ya wiki moja au mbili kwa kawaida wanabaki wachache wanaozurura. Hapo wengi hutupa chambo, na hapo ndipo kundi linapofufuka, kwa sababu pupa hawali. Waliokuwa pupa siku ulipotega hawajaonja sumu hata kidogo, na watatoka wakiwa wafanyakazi kamili. Acha chambo kibichi wiki mbili zaidi baada ya kumwona wa mwisho.

Kama kiota kiko ndani ya ukuta, chambo ni kilekile, ila kichupa kiwe sentimita chache kutoka kwenye tundu wanalotokea. Usipige dawa ndani ya tundu, na usimwage mafuta ya taa. Mafuta ya taa ndani ya trela lenye jiko la gesi ni kuomba moto, na foamu nyingi za ukutani zinalainika zikiguswa na mafuta. Kwenye boksi la fyuzi na swichi ya pampu ya maji, zima umeme na uchomoe betri kwanza, wafagie kwa brashi kavu ya rangi, kisha tega jeli nje ya boksi. Sisimizi akipigwa na umeme kwenye kontakti hutoa harufu ya hatari inayowaita wengine, nao wanarundikana mpaka kontakti haishiki. Ukisikia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inabofyabofya bila sababu, fungua uangalie kabla hujanunua nyingine.

Wakati chambo kinafanya kazi, punguza njia za kupandia. Hesabu kila kitu kinachogusa ardhi. Trela la magurudumu mawili lenye jeki nne za kona na gurudumu dogo la mbele lina sehemu saba. Ongeza ngazi ya mlangoni, waya wa umeme, mpira wa maji, bomba la maji machafu, kamba na nguzo za turubai la kivuli, na tawi la mgunga linalogusa paa. Ngazi ndiyo inayosahaulika zaidi, na kamba ya turubai inafuata. Kama trela litakaa zaidi ya mwezi, linyanyue juu ya stendi za chuma magurudumu yasiguse chini. Unapunguza sehemu mbili na matairi yanapumzika.

Chini ya kila mguu weka beseni pana, ndani yake tofali zima, mguu ukae juu ya tofali. Jaza maji sentimita tatu au nne na matone machache ya sabuni ya maji. Sabuni si mapambo: bila hiyo maji yana ngozi juu yake, na sisimizi wepesi wanavuka. Huku maji hayo yanapungua haraka, na upepo wa Julai na Agosti unaleta majani yanayogeuka daraja. Kagua kila asubuhi, badilisha kila baada ya siku tatu yasije yakafuga mbu. Oili chafu ya injini haikauki, lakini inamwagika ardhini, kuku wanaingia, na vumbi linatengeneza utando juu yake ambao sisimizi wanatembea bila shida.

Vumbi ndilo linaloshinda grisi pia. Ukanda wa grisi au mafuta ya mgando kwenye jeki unafanya kazi vizuri siku chache, halafu vumbi jekundu linaufanya kuwa barabara. Kwenye chuma kikavu ninapendelea poda: changanya poda ya watoto ya talki (siyo ya wanga wa mahindi) na spiriti mpaka iwe kama rangi nyepesi, paka ukanda wa sentimita kumi kuzunguka jeki kwa brashi, iache ikauke. Miguu ya sisimizi haishiki, wanateleza na kudondoka. Mvua ikinyesha inaoshwa, kwa hiyo ni dawa ya kiangazi. Majivu ya jikoni nayo yanasaidia yakiwa makavu, lakini upepo wa jioni moja unayapeleka kwa jirani. Usipake grisi wala mafuta kwenye matairi, raba inaharibika.

Mpira wa maji unaweza kupitishwa kwenye kopo lililokatwa lenye maji ya sabuni. Waya wa umeme usiupitishe majini hata kidogo. Uning'inize kwenye mti mkavu wa stendi, uguse ardhi sehemu moja tu, na hapo upake mchanganyiko uleule wa poda na spiriti, waya ukiwa umechomolewa mpaka spiriti ikauke yote.

Mahali pa kuegesha panapunguza nusu ya kazi. Usiegeshe chini ya mti wenye vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani na kutoa maji matamu yanayowavuta sisimizi; utaujua kwa majani yanayonata na gari linalopata madoa ya utomvu mtamu. Kando ya mashamba ya zabibu ya Hombolo au Mpunguzi, sisimizi wanafuata vidung'ata, wadudu weupe wanaotoa utamu wa namna hiyohiyo, kwenye mizabibu, na trela lako litakuwa kituo cha njiani. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Bahi, viota viko kwenye nyufa wakati wa kiangazi. Mvua za Desemba zikijaza nyufa, kundi zima linatafuta pa kukauka, pamoja na mayai yake. Egesha juu ya kokoto au tuta. Kiangazi wanachofuata ni maji zaidi ya sukari: bomba linalotona, trei ya maji ya friji, sponji iliyolowa. Kaza washa ya bomba kabla hujafikiria sumu.

Chakula ndani kikae kwenye ndoo zenye mfuniko wa kubana: sukari, unga, dagaa, maziwa ya unga. Mfuko wa nailoni uliofungwa fundo si mfuniko. Chini ya jiko la plati mbili huwa kuna mafuta yaliyoganda ambayo hakuna anayeyaona mpaka jiko lichomolewe; lichomoe mara moja kwa wiki.

Mistari ikishaisha, osha njia zote kwa maji ya moto yenye sabuni na siki kidogo ili harufu ya njia ipotee, kisha ziba. Nyufa za alumini na fremu za madirisha: kwangua silikoni ya zamani, futa kwa spiriti, weka mpya, iache saa 24. Mahali waya unapopita sakafuni, sukumia stilwaya ya kusugulia sufuria halafu silikoni juu yake. Matundu ya kutolea maji chini ya chesisi usiyazibe, chuma kitaoza kutoka ndani. Na matundu ya hewa yaliyo chini sakafuni, pamoja na yale ya kabati la mtungi, usiyaguse kabisa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka, na inatoka kwa matundu hayo. Hata wavu laini ni hatari hapo, kwa sababu vumbi la huku linauziba kimyakimya, na sisimizi wa milimita mbili anapita kwenye wavu wa mbu bila kuinama. Hao wazuie kwenye miguu ya trela.

Siku ya kuhama, kusanya vichupa vyote na uvihesabu, mwaga mabeseni, toa plagi ya pini saba uipulize na uifunge kwa mfuko wa nailoni ikiwa haitumiki. Kunja turubai juani likiwa limekung'utwa. Mikunjo yake ndimo kundi dogo husafiria hadi kituo kinachofuata.